Faili Niliyoilinda

Niliwahi kuwa mlinzi wa faili ya Ant, chombo cha kuunda programu za Java kilichotolewa mwaka 2000. Mtungaji wake, James Duncan Davidson, aliamua maagizo yaandikwe kwa XML, lugha ya alama. Lugha hiyo ni hodari wa kutaja vitu. Kuuliza na kurudia si kazi yake. Kila sharti nililotaka lilivikwa alama tele, hata faili ikawa msitu ambao njia zake nilizijua mimi peke yangu, na, nakiri, nilijivunia jambo hilo.

Usiku mmoja niliandika anwani ya majaribio, kisha chini yake anwani ya wateja. Katika Ant jina likishapewa thamani halipokei nyingine, wala chombo hakilalamiki. Wateja wakapelekewa programu yenye anwani ya majaribio. Akalaumiwa kijana mwenzangu. Nami nilichelewa siku mbili kusema kwamba kosa lilikuwa langu.

Ndipo tukaketi pamoja, tukaandika upya kwa Rake ya Jim Weirich, ambamo maagizo ni Ruby tupu: sharti huandikwa kama sharti, marudio kama marudio. Davidson mwenyewe alikiri baadaye kuwa lugha ya skripti ingalifaa kuliko XML. Yule kijana aliisoma faili yote kwa mara ya kwanza, akanionyesha kosa langu la pili.