Barafu Haingoji

Mara ya kwanza kusimama juu ya barafu nilikuwa na miaka 26, nikiwa Nairobi kwa utafiti wa shahada yangu ya uzamili. Kwetu Msimbati barafu haikanyagwi. Inafunikwa maranda, inafungwa kwenye viroba, inawahishwa kwa samaki.

Uwanja wenyewe umo ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Ulifunguliwa mwaka 2005. Chini ya sakafu yake yamelazwa mabomba ya ubaridi. Maji humwagwa juu, tabaka baada ya tabaka, mpaka yagande. Mashine ikizimwa, uwanja unageuka dimbwi. Hapo ndipo wanapojifunzia Ice Lions, timu ya mpira wa magongo wa barafuni. Uwanja ni mdogo kuliko vile vya kimataifa, na kwa miaka mingi hawakuwa na timu nyingine nchini ya kupambana nayo, wakabaki kucheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 walialikwa Toronto, wakapata wapinzani. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Mimi nilishika ukingo kwa mikono miwili, magoti yakitetemeka, nikamkumbuka mjomba.

Mwaka 2014 Ndanda FC ilipanda Ligi Kuu, na Mtwara ikawa haina habari nyingine. Siku moja mjomba alipata samaki wengi, akanituma mjini kununua barafu. Gesi ya Mnazi Bay, chini ya mchanga wetu wenyewe, ilikuwa ikizalisha umeme wa Mtwara kwa miaka kadhaa, lakini barafu ya mjomba bado ilitoka mjini. Nilinunua viroba viwili. Njiani kuelekea stendi nikasikia kelele kutoka Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Nikaviacha viroba kivulini kwa muuza machungwa, nikajiambia dakika kumi tu. Niliondoka baada ya filimbi ya mwisho.

Usiku nilipofika nyumbani, viroba vilikuwa na maranda yaliyolowa na barafu isiyojaza hata sufuria. Nilisema gari liliharibika njiani. Mjomba alinitazama, akaenda kulala. Asubuhi mnunuzi alifunua mashavu ya samaki mmoja, akanusa, akaondoka. Mwezi uliofuata mjomba aliuza jarife lake jipya ili mimi nilipiwe ada.

Nilipotoka Panari nilimpigia simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Habari za huko?”

Nikamweleza kuhusu uwanja wa barafu, mkubwa kama kiwanja cha shule.

“Wanaweka samaki gani?”

“Hawaweki samaki, mjomba. Wanateleza tu.”

Alicheka mpaka akakohoa. Nikasubiri amalize, kisha nikasema, “Mjomba, siku ile ya barafu, gari halikuharibika. Nilikuwa mpirani.”

“Najua. Ulirudi sauti imekukauka. Gari bovu halimkaushi mtu sauti.”

“Sasa mbona hukusema?”

Nilisikia upepo wa bahari kwenye simu yake, na mtu akiita kwa mbali.

“Ningesema,” akajibu, “samaki wangefufuka?”