Hema Moja, Watu Watano

Majirani zetu pale Tanga walikuwa wanatucheka waziwazi. Kila likizo ya mwezi wa sita, wenzetu wakienda kwa bibi zao, sisi tunafungasha blanketi na masufuria kwenda kulala mlimani. "Mwalimu ana nyumba ya vyumba vitatu, anakwenda kulala nje kama mzungu!" Mama alikuwa anacheka nao, na naapa moyoni alikuwa upande wao.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia. Hema aliliazima kwa skauti wa shuleni kwake: turubai la kijani, zito kama gunia la mahindi, linanuka mafuta ya taa na ukungu. Basi la kwanza Muheza, Segera, Korogwe mpaka Mombo, halafu gari jingine la kupanda Lushoto. Kama umewahi kupita ile barabara unaijua: kilomita kama 33 za kona tupu, mwamba huku, bonde huku. Mdogo wangu alikuwa anatapika Soni bila kukosa. Baba haoni, yuko kwenye somo lake, eti Lushoto ni mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, eti Wajerumani walipaita Wilhelmstal. Mama anamkatisha, "Mwalimu, shika mtoto kwanza."

Mara nyingi tulipiga kambi upande wa Irente, pale unaposimama ukingoni ukaiona tambarare ya Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge yamenyooka kama mistari ya daftari. Siku nyingine tulipanda Magamba, kwenye msitu ambao leo ni hifadhi ya mazingira asilia, tukiwatafuta mbega weusi kwa weupe wenye mikia kama ufagio. Tulikula matunda damu mpaka meno yakafa ganzi. Na baridi, jamani! Mtoto wa Tanga hajui kwamba mdomo unaweza kutoa moshi bila sigara.

Baba alishikilia kwamba kambini ni kuni tu. Kuni mbichi, moshi machoni, maharage hayaivi. Saa mbili usiku Mama anafungua begi lake, anatoa jiko dogo la mkaa alilolificha chini ya kanga. Hakusema neno. Na Baba naye alikula bila neno.

Lakini safari ninayoikumbuka zaidi ni ya mwaka 1999, nikiwa na miaka kumi na moja. Mwaka ule nyumbani hapakukalika. Baba alichukua pesa walizodunduliza kwa ajili ya mabati ya nyumba yao, akampa mdogo wake afanyie biashara. Mama hakuulizwa. Alikuja kuzisikia kwa watu. Tangu hapo mawasiliano yakawa kupitia kwangu: "Mwambie baba yako chakula kipo mezani." "Mwambie mama yako nimeshiba." Miezi miwili nzima nilikuwa tarishi ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Nilidhani mwaka huo hatutakwenda popote. Tukaenda. Ndani ya basi walikaa viti tofauti.

Usiku wa pili ikanyesha. Kumbe Baba, na jiografia yake yote, hakuchimba mfereji kuzunguka hema. Maji yakaingia upande wa miguu. Mama akainuka, akachukua mfuniko wa sufuria, akatoka kuchimba. Baba naye akatoka. Sisi watatu tukabaki tumejikunyata kama dagaa, macho tumefumba, masikio wazi.

Walichimba kimya. Halafu nikamsikia Mama: "Ulinificha."

Mvua tu.

"Nilikuogopa," Baba akasema. "Nilijua utakataa, na nilijua utakuwa sahihi."

Mama alimjibu kwa sauti ya juu, maneno ambayo sitayaandika hapa, miezi miwili yote ikamwagika mle kwenye tope. Angekuwa Tanga angeingia chumbani akafunga mlango. Pale mlango ulikuwa zipu, tena mbovu, na nje ni giza na mvua. Asubuhi alimimina chai, akaipeleka kwa Baba kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kupokea kikombe nikipeleke, kwa mazoea.

Sitaki kukudanganya, msomaji wangu. Pesa hazikurudi. Mama alifungua akaunti yake benki mwezi uliofuata, na mpaka Baba anafariki mwaka 2014 hakuwahi kumwambia ina shilingi ngapi. Lakini mimi utarishi wangu uliishia Irente.

Juzijuzi nilimuuliza, "Mama, baridi ulikuwa huipendi, moshi huupendi. Ulikuwa unafuata nini kule?" Nilitegemea aseme mapenzi. Akacheka. "Pale Tanga lini ulituona peke yetu? Shemeji, wifi, watoto wa watu sebuleni. Kule baba yako hakuwa na mgeni wa kujificha nyuma yake."

Nikatulia. Mimi na mume wangu hatuna wageni wengi, tuna simu. Kuna siku ameniandikia ujumbe kutoka sebuleni, nami nipo chumbani. Na tuna jambo letu, si la pesa, ambalo kila mmoja analizunguka kama shimo barabarani.

Desemba iliyopita nikamwambia twende Lushoto na watoto. Alilalamika njia nzima, mgongo, mbu (mbu gani baridi ile?), mtandao unakatika. Hema letu ni la kisasa, jepesi kama mwamvuli, linajitanua lenyewe. Watoto walilala mapema. Saa nne usiku matone yakaanza kugonga juu yetu.

"Hivi," akaniuliza gizani, "mfereji tulichimba?"

Nikapapasa pembeni, nikampa mfuniko wa sufuria.