Ndita za Mshona Viatu

Mtu akikasirika, Waswahili husema amekunja uso. Na akikunja ndita, hahitaji kuulizwa ana nini. Lugha ilikwisha kuona, pasi na kisu cha mpasuaji, kwamba baina ya nyusi mbili pana kitu kikunjacho. Mabingwa wa Ulaya nao walipoufikia msuli huo waliupa jina la Kilatini lenye maana iyo hiyo. Charles Bell, tabibu wa Kiskoti aliyejua pia kuchora, aliueleza katika kitabu alichowatungia wachoraji, kilichotoka London mwaka 1806. Kwake ulikuwa msuli wa shani kuliko yote ya uso, na aliamini kwamba Muumba alimpa mwanadamu misuli ya namna hiyo ili moyo wake usomeke.

Lakini mkono wa mchoraji una upendeleo wake. Mwaka huo huo wa 1806 alizaliwa Guillaume Duchenne, mtoto wa nahodha wa Boulogne, bandari ya Ufaransa. Naye alipokuwa tabibu alitaka uso ujichore wenyewe. Alitwaa umeme na kamera, akampata mzee mmoja, mshona viatu, kibogoyo, mwembamba, ambaye uso wake ulikuwa umekufa ganzi. Aliweza kumgusa kwa ncha za umeme bila ya kumuumiza, akiushtua msuli mmoja mmoja, kisha akaipa misuli majina ya hisia: huu wa furaha, huu wa kitisho. Ule wa ndita akauita wa maumivu. Kitabu chake cha mwaka 1862 kimejaa picha za mzee huyo: anahuzunika pasi na msiba, anaogopa pasi na adui. Duchenne aliandika kwamba aliweza kumfanyia kazi kwa usahihi ule ule wa kufanyia kazi maiti. Neno zito hilo, kwa mtu aliyeketi mbele yake akivuta pumzi. Na jina la mzee halimo kitabuni.

Ajabu ni kwamba aliyeulazimisha uso ndiye aliyeuona mpaka wa kuulazimisha. Msuli uinuao pembe za mdomo, alisema, humtii mwenyewe apendapo. Ule uzungukao jicho hautii ila furaha ya kweli. Washairi hawatashangaa, kwani wao aghalabu huliamini jicho kabla ya mdomo.

Charles Darwin alizitumia picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872, ambamo alimpinga Bell kuhusu asili ya misuli hiyo. Katika mchoro wa kitisho vyombo vya umeme viliondolewa, msomaji akaachiwa hofu tupu isiyo na chanzo. Zenye thamani zaidi ni picha mbili za mshona viatu zilizowekwa pamoja. Katika moja umeme unavuta pembe za mdomo wake. Darwin aliwaonyesha watu 24: watatu hawakuelewa kabisa ni hali gani, waliosalia waliona ni namna ya kicheko, lakini walitaja mzaha mbaya, au mtu anayejaribu tu kucheka. Katika ya pili hakuguswa na chochote, na anatabasamu mwenyewe. Hiyo, kila aliyeonyeshwa aliitambua papo hapo.