Kombe la Aibu



Tunakiri tangu mwanzo kwamba sisi si wataalamu wa kompyuta. Tunaitumia kama tunavyotumia daladala: tunapanda, tunashuka, na yaliyomo chini ya boneti tunamwachia dereva. Hata hivyo habari za kampuni za programu tunazipenda, na kila juma hutenga saa moja ya kuzisoma, kwa maana humo hupatikana vichekesho ambavyo hata mtunzi hodari hangeweza kuvibuni. Juma hili tumekirudia kimoja cha mwaka 2024, ambacho tulikicheka sana kilipotokea, na ambacho baadaye kilitucheka sisi.

Wengi mnaikumbuka Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya CrowdStrike, yenye makao yake Austin katika jimbo la Texas, Marekani, ilituma sasisho dogo kwenye kompyuta za wateja wake. Kazi ya kampuni hiyo ni ulinzi. Programu yake hukaa ndani ya kompyuta za mashirika ya ndege, benki, hospitali na ofisi za serikali, ikichungulia usiku na mchana kama kuna mwizi. Kwa majira yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa saa 1:09 asubuhi, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tukipuliza chai. Ilipofika saa 2:27, kampuni ilikuwa imekwisha kuliondoa sasisho lile. Ni dakika 78 tu! Lakini katika dakika hizo kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zilikuwa zimezimia. Nyingi zilionyesha ukurasa wa buluu, zikajiwasha, zikazimia tena, mfano wa mtu anayeamka usingizini, akaiona hali ya dunia, akajifunika shuka upya.

Chanzo chake kilikuwa nini? Uchunguzi wa kampuni yenyewe ulieleza kwamba sehemu moja ya programu ilitazamia kupokea vipengele 21, na sehemu nyingine ikatoa 20. Programu ilipokwenda kukitafuta cha 21, ikaingia mahali pasipoihusu katika kumbukumbu ya kompyuta. Na kwa kuwa mlinzi huyu amepewa nafasi katika kiini kabisa cha mtambo, alipoanguka yeye iliporomoka nyumba nzima. Aliyeajiriwa kuwazuia wezi ndiye aliyefunga mlango na kuumeza ufunguo.

Hatusemi kwamba hapakuwa na machozi. Zipo hospitali zilizoahirisha matibabu, na shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000. Lakini vichekesho navyo vilikuwapo. Baadhi ya mabango ya umeme ya Times Square, New York, ambayo hayajui usiku, yaligeuka meusi. Nchini India abiria walipewa kadi za kupandia ndege zilizoandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino, na ndege ikaruka vilevile. Mafundi nao iliwapasa kuziendea kompyuta nyingi moja baada ya nyingine, kama muuguzi anayepita vitandani, ili kufuta faili moja tu.

Kisha ikaja pole. Kampuni iliwatumia wafanyakazi na washirika wake waliokesha wakihangaika vocha ya dola 10 ya kununulia chakula kupitia Uber Eats. Watu wengi mno wakazitumia kwa wakati mmoja, hata Uber ikashuku kwamba kuna utapeli, na baadhi ya vocha zikakataliwa. Naam, pole yenyewe ilikamatwa kama mwizi! Tulipoisoma habari hiyo tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Mwezi Agosti mwaka huohuo, wataalamu wa usalama wa kompyuta walikutana Las Vegas katika mkutano wao uitwao DEF CON. Huko hutolewa tuzo ziitwazo Pwnie, nyingine za sifa na nyingine za dhihaka. Tuzo ya Kosa Kubwa Kuliko Yote iliiangukia CrowdStrike, na hakuna aliyeshangaa. Kilichoshangaza ni kwamba rais wa kampuni hiyo, Michael Sentonas, alikwenda mwenyewe kulipokea kombe lake. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa watu walioathiriwa na kosa lile, akakiri kwamba walikosea vibaya sana, na akasema kwamba kombe hilo atalipeleka makao makuu na kuliweka mahali ambapo kila mfanyakazi ataliona aingiapo kazini. Ukumbi ukampigia makofi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alituzwa kwa kuharibu kwa watu.

Mwenye kutia shaka atasema kwamba hayo ni maigizo ya wafanyabiashara. Huenda. Na ni kweli kwamba kukiri hakufuti deni, maana Oktoba 2024 Delta ilifungua kesi mahakamani ikidai hasara yake. Lakini sisi siku ile hatukuwa na nafasi ya kutia shaka. Kicheko chetu kilikatika ghafla, kwa sababu tulikuwa na kombe letu, nasi tulikuwa tumelificha uvunguni.

Miezi mitatu kabla ya hapo tulikuwa tukichangishana fedha za kuezeka paa la ukumbi wetu. Orodha ya michango ilikuwa ndani ya kompyuta ya ofisi, chini ya uangalizi wa karani wetu, kijana mpole na mwenye mwandiko mzuri. Usiku mmoja, akiwa amekwisha kwenda kwao, tuliona vema tumsaidie kazi. Tukaifungua orodha, na kwa kuwa tulipenda majina yafuatane kwa alfabeti, tukayapanga. Majina yakafuatana vizuri kabisa. Ila tuliyapanga majina peke yake; safu ya fedha ikabaki palepale ilipokuwa. Tukahifadhi, tukachapisha, tukabandika ubaoni, tukaenda kulala tukijipongeza.

Asubuhi ikapambazuka na maajabu. Bwana mmoja ambaye hajawahi kutoa hata senti alijikuta ndiye mfadhili mkuu, akawa anapokea pongezi kwa unyenyekevu mkubwa. Na mama mmoja mjane, aliyeuza mbuzi wake ili atoe shilingi 100,000, aliandikiwa 2,000. Hakugomba. Aliisoma karatasi mara mbili, akatengeneza kanga yake mabegani, akaondoka. Mkutano uliofuata hakuja, na uliofuata huo pia hakuja.

Watu walipotuuliza, tulijibu, "Kompyuta imeleta matatizo." Sentensi hiyo haina uongo ulio wazi, na huo ndio ubaya wake. Kompyuta haina mdomo wa kujitetea, basi macho ya watu yakamtafuta anayekaa nayo kutwa. Wakaanza kumsema karani: anachezea mashine, anasikiliza muziki kazini, vijana wa siku hizi hawana makini. Tuliyasikia maneno hayo. Tulinyamaza. Kijana alikaa usiku 11 na vishina vya stakabadhi, akaiandika upya orodha yote, jina kwa jina, akairudisha ubaoni. Hesabu ikawa sawa. Lakini jina lake halikurudi mahali pake.

Ndipo Agosti ile, baada ya kusoma habari za kombe, tukaendelea kusoma visa vya zamani vya namna hiyo, kama mtu anayebonyeza jino linalouma. Tukakutana na kisa cha kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake mmoja, akihangaika usiku kuondoa hitilafu, alifuta data akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Aliposhtuka na kuisimamisha amri, katika gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakazikimbilia nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi, na hakuna hata moja iliyofaa kama ilivyotazamiwa. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono takribani saa 6 kabla ya ajali. Kazi za saa hizo zikapotea moja kwa moja.

Wala hawakufunga milango. Waliandika yote hadharani kadiri yalivyokuwa yakitokea, na kazi ya kurejesha data wakaionyesha moja kwa moja kwenye YouTube, mtu yeyote akaweza kuwatazama wakitoka jasho. Lakini lipo jambo moja ambalo taarifa yao rasmi haikulitaja, nalo ni jina la yule mhandisi. Humo aliitwa "mfanyakazi namba moja", basi. Kampuni ilisema: sisi ndio tuliokosea, kwa maana nakala zetu hazikuwa zikipimwa.

Tuliyarudia maneno hayo tukiwa peke yetu, na hayakutuchekesha hata kidogo. Wale walilitangaza kosa na kumsitiri mtu. Sisi tulilisitiri kosa na kumwanika mtu.

Kesho yake tuliandika karatasi kwa mkono, maana kompyuta hatukuiamini tena mikononi mwetu. Tuliandika kwamba orodha ya michango tuliivuruga sisi wenyewe, usiku, kwa kupanga majina na kusahau fedha. Kwamba karani hakuhusika kwa lolote isipokuwa kuirekebisha. Na kwamba tunawaomba radhi yeye, yule mama, na wote walioandikiwa visivyo vyao. Tukaibandika ubaoni, mahali palepale. Tunawaambia kweli, misumari minne haijapata kuwa mizito kiasi kile.

Yule mama tulimwendea nyumbani. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Sasa mbuzi wangu amerudi zizini." Jumamosi iliyofuata alikuja mkutanoni, akakaa mstari wa mbele.

Karani tulimwita ofisini. Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno mengi, lakini yeye alitangulia. "Baba," alisema, "mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Faili lenyewe huonyesha lilihifadhiwa saa ngapi. Lilihifadhiwa saa 4 usiku, na saa hiyo mimi nilikuwa nyumbani."

Tukamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje, Baba? Nilingoja mseme nyinyi."

Alikuwa amengoja miezi mitatu. Hakutuambia kwamba ametusamehe, nasi hatukuwa na haki ya kumharakisha. Aliomba ruhusa moja tu, nayo ni ya kuliwekea nywila lile faili la michango. Tulimpa ruhusa hiyo kwa moyo wote. Nywila yenyewe hajatuambia mpaka leo, na fedha za paa hazijawahi kuwa salama namna hii.

Kuteleza si kuanguka, na yeyote atumiaye mashine atateleza, awe wa Texas au wa kwetu. Mashine za leo zina nguvu ya kulifikisha kosa la mtu mmoja duniani kote kabla chai haijapoa, lakini hazijatengenezewa kitufe cha kusema "ni mimi". Kazi hiyo bado hufanywa kwa mkono. Nasi tunaongeza hili kwa waliopewa kuongoza wengine: anayekaa kimya huku mwingine akilaumiwa kwa ajili yake, hata akiwa hajatamka uongo, amekwisha kuusema.

Kombe la vioo hatuna. Tunayo karatasi ile, ambayo paa lilipokamilika tuliitoa ubaoni na kuibandika ukutani, juu ya kompyuta. Kila tunapoketi hapo na vidole vikawasha kutaka kumsaidia mtu kazi, tunaisoma kwanza.

Tuonane juma lijalo.