Milioni Mbili na Nusu Chini ya Ardhi

Wenzangu wakienda likizo na waume zao wanapelekwa Nungwi, wanarudi na picha za machweo. Mimi mwenzenu nilipelekwa Geita kuangalia mizani.

Ilianza kama safari ya ukweni tu. Tukatua Mwanza, tukavuka daraja la Kigongo–Busisi (tangu lifunguliwe Juni 2025, ile foleni ya pantoni imebaki hadithi), jioni tukawa tumefika. Asubuhi Mjomba wa mume wangu, mzee wa koti la suti na kandambili, akagonga dirisha.

"Mwangaluka, mkamwana! Vaa viatu vya kutembea. Leo nakuonyesha Wall Street ya Wasukuma."

Kituo cha kwanza kilikuwa kibanda cha bati. "Hapa palikuwa benki," akasema. Nikatafuta benki, nikaona sufuria. Alimaanisha mama ntilie. Enzi hizo mnunuzi alikaa pale, chai mbele yake, mizani mfukoni, na kila mizani ilikuwa na tabia za mwenyewe. Gramu tano za kona hii, kona ya pili zinasoma nne na nusu.

"Dhahabu ilikuwa inakonda kwa kutembea," akasema, wala hakucheka. Baadaye nilijua kwa nini: na yeye alikuwa na mizani.

Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la dhahabu. Mwaka huohuo serikali ikawaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ili wasiwe na sababu ya kuuza vichochoroni. Siku hizi unapimiwa mbele ya watu, bei ya siku inajulikana, unapewa risiti.

"Risiti!" Mjomba akasonya. "Mapenzi yote yameisha."

Tulimkuta kijana amekunja karatasi ya daftari, ndani kuna kitu kidogo kama punje ya mahindi. Alipokiweka kwenye mizani, midomo yake ilikuwa inahesabu. Sijawahi kuona mtu akiangalia namba vile, labda mimi siku ya matokeo ya kidato cha nne.

Mjomba akaendelea na historia yake: Mjerumani aliyeona dhahabu 1898, mgodi wa mkoloni uliofungwa 1966, mgodi mkubwa wa sasa ulioanza 2000. Mume wangu naye akachomekea ya Mwadui kule Shinyanga, ambako mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, Dk. John Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. Nikamkumbusha kuwa mimi nilipewa seti ya vikombe.

"Basi twendeni mkaone duara lenu," Mjomba akasema.

Lenu? Mume wangu akapatwa na kikohozi cha ghafla.

Ndivyo nilivyojua ziliko 2,500,000 zetu za kiwanja cha Kigamboni. Ziko kwenye shimo. Mfadhili wa duara analisha wachimbaji, ananunua matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke na dizeli ya pampu. Mawe yakitoka, wanagawana mifuko. Mawe hayakuwa yametoka. Maji yalitoka.

Niliomba hesabu. Mjomba akatoa daftari: dizeli, matimba, unga, maharage. Mstari wa mwisho, wa asubuhi ileile: "Soda ya mkamwana."

Usiku nilimuuliza mwenzangu kwa nini hakuniambia. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema tangu nipandishwe cheo, kila kitu ndani ya nyumba ninanunua mimi, hata pazia. Na yeye alitaka siku moja aingie na kitu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, maneno yakanikauka. Hasira ilibaki, lakini sikujua tena niielekeze wapi.

Siku hizi daftari linapigwa picha na kutumwa kila Jumapili, kwenye simu yangu. Jumapili iliyopita: matimba 40,000, dizeli 65,000, maharage 12,000. Mawe: bado.