Tabibu wa Nafsi na Siri za Wazee

Nilipohamia Regent Park, mashariki ya kitovu cha Toronto, mwanzoni mwa miaka ya 1990, maradhi ya akili yalikuwa hayatajwi kwa jina lake miongoni mwetu tuliotoka Afrika ya Mashariki. Mtu akianza kujifungia ndani, halali wala hali, aila yake husema ana homa au kapatwa na kijicho, na sisi wa Unguja tuliongeza kwa sauti ya chini kwamba angekuwa nyumbani angekwisha pelekwa Kidongo Chekundu, ambako kuna hospitali ya maradhi hayo, na ambako kutajwa tu kulitosha kuwa hukumu. Dawa zilikuwa zetu wenyewe: kisomo, dua, na kombe lililoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, likaoshwa kwa marashi na kunywewa. Sizidharau dawa hizo, kwani fauka ya baraka zake, kisomo kilimkusanyia mgonjwa jamaa na majirani chumba tele, jambo ambalo hospitali nyingi haziliwezi.

Mtaa wenyewe ulikuwa umejengwa na watu walioamini kwamba nyumba mpya huleta maisha mapya. Kuanzia 1948 nyumba kuukuu za Cabbagetown zilibomolewa, zikasimamishwa nyumba za serikali za kupangisha, mradi mkubwa wa kwanza wa aina yake katika Kanada, na njia za mji zilizokuwa zikipita humo zikafungwa. Sisi tulipofika, umaskini ulikuwa umekwisha rudi zamani, nao ulikaa raha mustarehe ndani ya matofali mekundu.

Wazee wetu hawakuwa na imani na matabibu wa akili, wala si ajabu. Tabibu wa namna hiyo aliyevuma kuliko wote katika nchi zetu zama za ukoloni alikuwa J. C. Carothers, mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hata 1950, ambaye katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya Kenya risala juu ya nafsi za watu wa Mau Mau, kana kwamba palipokuwa na dhuluma ya ardhi palihitaji daktari.

Kwa hiyo nilimkaribia Vivian Rakoff, naye tabibu wa akili, kwa tahadhari. Nilimjua kwanza kwa mwanawe, David Rakoff, mwandishi wa insha zinazochekesha na kuchoma kwa pamoja, aliyefariki mwaka 2012, baba yake akiwa hai. Baba huyo alizaliwa Cape Town mwaka 1928, akafika Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kutoka 1980 hadi 1990 akaongoza Taasisi ya Clarke, hospitali ya maradhi ya akili hapa Toronto, pamoja na idara ya utabibu wa akili ya chuo kikuu.

Lakini kilichonigusa ni kazi yake ya 1966, alipokuwa Montreal. Aliona vijana wakiletwa hospitalini wakiwa katika dhiki kubwa ya nafsi, nao walikuwa wana wa Wayahudi waliookoka katika kambi za Wanazi; wazazi hawakuwa wagonjwa wa kutazamwa, na vijana hawakupata kuiona kambi, illa msiba ulikuwa umepita kutoka kwa mzazi mpaka kwa mtoto pasipo mtu kuusimulia. Maana yake mgonjwa si mmoja, ni nyumba nzima.

Mama yangu hakupata kunisimulia Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964. Mlango ukigongwa kwa nguvu usiku, huzima taa kwanza ndipo auendee, nami nikakua nikifanya hivyo hivyo bila kuuliza, na mwanangu, mzaliwa wa Toronto, naye huzima. Nilipokwisha kumsoma Rakoff nilimuuliza mama. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akazungumza mpaka adhana ya alfajiri ikalia katika simu yake, na mjukuu wake akasikiliza, ijapokuwa Kiswahili chake ni cha kuokoteza.

Sisemi Rakoff hakuwa na dosari. Mwaka 1997 ilifichuka kwamba, kwa ombi la mbunge mmoja, alikuwa ameandika tathmini ya nafsi ya Lucien Bouchard, kiongozi wa Quebec, pasipo kupata kumkabili, na mimi niliyemsoma Carothers siwezi kuipendelea kazi ya namna hiyo hata ikitoka kwa mtu ninayemheshimu.

Tangu 2005 majengo ya zamani ya Regent Park yamekuwa yakibomolewa awamu kwa awamu, na njia zilizofungwa zimefunguliwa. Vijana wetu hutamka depresheni mezani, mbele ya babu zao, na huenda kwa mshauri kama waendavyo kwa daktari wa meno. Kisomo hakikuachwa, nawajua wanaofanya yote mawili katika juma moja, na naona wamepatia.

Rakoff alifariki Oktoba 2020, naye ana umri wa miaka 92. Namwomba yeyote katika vijana wetu wanaosomea utabibu wa akili ayafasiri maandishi yake ya 1966 kwa Kiswahili, ili mama zetu wayasome.