Pesa zimetumiwa na nani?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu yenyewe ni aibu. Niliandika programu iliyokaribia kuvunja chama cha akina mama hapa Voi. Hesabu zilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Kosa lilikuwa kwenye sarufi.

Chama chenyewe ni cha kawaida. Kila mwezi wanachama wanachanga, na kila mwezi mmoja wao anapata zamu yake. Mweka hazina ni shangazi yangu. Aliniomba nimtengenezee programu ya kuweka hesabu na kuwaarifu wenzake kwa ujumbe mfupi, nami nikamtengenezea.

Jioni moja mwanachama anayekaa Wundanyi akapata ujumbe huu: "Shilingi 12,000 zako zimetumiwa." Shangazi alikuwa ameidhinisha malipo kwenye programu, lakini pesa zenyewe angezituma kwa M-Pesa asubuhi. Yule mama akatazama simu, hakuna kitu. Akausoma ujumbe tena. Alfajiri akapanda matatu, akapitia Mwatate, na saa mbili asubuhi akawa mlangoni kwa shangazi. Hakukubali hata kuketi. "Pesa zangu zimetumiwa na nani?"

Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, umeniita mwizi."

Nilianza kujitetea kwamba yule mama hakuelewa. Kisha nikakaa chini, nikakumbuka Kiswahili cha sekondari, nikaona kwamba alielewa barabara. Ambaye hakuelewa ni mimi.

Tazama kitenzi "tuma". Ukisema "nimemtuma mtoto sukari", mtoto ndiye anayekwenda dukani. Ukisema "nimemtumia mtoto sukari", mtoto ndiye anayeipata. Herufi moja tu, "i" ya kutendea, inambadilisha kutoka tarishi hadi mpokeaji, yule ambaye mwalimu alituambia anaitwa kitondo. Sukari ndiyo kipozi.

Lakini kuna kitenzi kingine, "tumia", cha kutumia jembe au kutumia pesa ovyo. Kwa hiyo "tumiwa" inafikiwa kwa njia mbili: ni kutendewa kwa "tuma", na pia ni kutendwa kwa "tumia". Msomaji atajuaje ipi ni ipi? Muktadha unasaidia, lakini sarufi nayo ina kauli yake:

1. "Mama ametumiwa pesa." Hapa ni kupelekewa tu. Mama ni kitondo aliyepanda kuwa kiima, na kipozi bado kipo nyuma ya kitenzi.

2. "Mama ametumiwa." Inaweza kuwa amepelekewa kitu, inaweza kuwa watu wamemfanya chombo chao. Hapa muktadha ndio unaoamua.

3. "Pesa zimetumiwa." Hapa ni matumizi tu. Kwa maana ya kupeleka, Kiswahili hakikubali kipozi kipande juu na kumwacha kitondo nyuma. Jaribu kusema "pesa zimetumiwa mama", sikio litakataa. Utasema "pesa zimetumwa kwa mama".

Programu yangu iliunda sentensi kwa kanuni. Ilichukua "tumekutumia shilingi 12,000", ikageuza kitenzi kuwa "tumiwa", ikaweka pesa mbele. Kwangu vitu viwili baada ya kitenzi vilikuwa sawa, kama nambari mbili unazoweza kubadilishana nafasi. Kwa Kiswahili si sawa. Hata nafasi ya kiambishi ndani ya kitenzi ni moja, na mtu ndiye anayeichukua: husema "nimemtumia", huwezi kusema "nimezimtumia".

Kinachonichekesha ni kwamba ningekuwa ninawaandikia watu wa ng'ambo ya Taveta, huenda ningepona. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha utafiti kuhusu Kivunjo, Kichaga cha miteremko ya Kilimanjaro, wakaonyesha kwamba huko chochote kati ya vile viwili kinaweza kuwa kiima. Lugha za Kibantu ni ndugu, lakini kila nyumba ina sheria zake.

Tena ubaya haukuishia hapo. "Zimetumika" ingesema tu kwamba pesa zimekwisha. "Zimetumiwa" inadai kuna mkono uliozitumia, na mkono uliokuwa karibu na sanduku ni wa shangazi.

Nikamwandikia sentensi mpya: "Umetumiwa na chama shilingi 12,000." Akaisoma kwenye kisimu chake cha vitufe, ambacho kioo chake kinaonyesha maneno matatu ya kwanza. Akanigeuzia nione: "Umetumiwa na chama". Tukacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kwani huwezi kuandika 'umepokea'?" akauliza.

Niliweza. "Pokea" haina mambo ya kitondo. Ila ingekuwa uongo kama ujumbe ungetangulia pesa, kwa hiyo nilibadilisha mpangilio pia: sasa programu haimwandikii mtu mpaka shangazi athibitishe kwamba amekwisha kutuma. Kumbe neno sahihi lilinilazimisha kurekebisha na kazi yenyewe.

Yule mama alipata pesa zake asubuhi ileile kabla ya kupanda matatu ya kurudi, akaomba radhi. Shangazi bado ni mweka hazina. Lakini sasa kila mkutano daftari la karatasi hukaa mezani kando ya simu, nami sijathubutu kuwaambia waliondoe.

Nawatakia juma jema. Na kabla ya kutuma ujumbe, mpe shangazi yako ausome.